Barua kwa ami kutoka Perth

Kwa ami yangu mpendwa, Lamu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na naomba barua hii iwakute nyote na afya njema. Uliniuliza kwenye simu inakuwaje jimbo hili la Australia Magharibi, linaloizidi Kenya nzima zaidi ya mara nne kwa ukubwa, likawa na watu wachache kuliko mji wa Nairobi. Jibu lake ni refu, kwa hiyo naliandika.

Sababu ni maji. Jimbo lina kilomita za mraba karibu milioni 2.5 na watu wapatao milioni 3, na katika kila watu watano, wanne hivi wanakaa hapa Perth, mji wake mkuu, na vitongoji vyake, vilivyotandaa ufukweni kwa zaidi ya kilomita 100. Mvua ya kutegemewa huipata pembe ya kusini-magharibi, tena wakati wa baridi, kuanzia Mei hadi Septemba. Ukivuka vilima vya Darling kuelekea mashariki, unapita mashamba ya ngano kwa saa kadhaa, kisha ngano inakoma na kinachobaki ni vichaka na jangwa. Wanoongar, ambao ndio wenyeji wa pembe hii tangu maelfu ya miaka, huugawa mwaka katika misimu 6. Waingereza walikuja kufungua koloni lao la Mto Swan mwaka 1829, na kwa miaka mingi halikukua sana.

Kilicholiinua ni dhahabu, iliyopatikana Coolgardie mwaka 1892 na Kalgoorlie mwaka uliofuata, mahali pasipo mto wala ziwa la maji matamu. Watu walimiminika huko, maji yakauzwa kwa bei ya kuumiza, na homa ya matumbo ikaua wengi. Mizigo ilibebwa na ngamia, na wenye kuwaongoza walikuwa Waislamu waliotoka Afghanistan, Bulushi na Bara Hindi. Hao ndio waliojenga msikiti wa Mtaa wa William, ambao jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1905, nami huswali Ijumaa humo. Mhandisi C. Y. O'Connor akabuni bomba la chuma la zaidi ya kilomita 500, lenye vituo 8 vya pampu za mvuke, ili maji yatoke bwawa la Mundaring yapande bara hadi Kalgoorlie. Alidhihakiwa na kusingiziwa hadi akajiua mwaka 1902. Januari 1903 maji yakafika. Bomba bado linaonekana kando ya barabara, limelala juu ya ardhi, na bado linafanya kazi.

Kaskazini ni mambo mengine kabisa. Mvua huko hunyesha miezi ya kaskazi yetu, pamoja na tufani, na katika nchi ya Kimberley inaota mibuyu, ndugu wa mibuyu ya kwetu. Mji wa Broome ulisimama kwa ajili ya chaza, ambao magamba yao yaligeuzwa vifungo vya nguo, na wazamiaji wengi walikuwa Wajapani na Wamalay. Maji kujaa na kupwa hupishana kwa mita 9 hivi, kiasi ambacho nahodha wa Lamu asingekiamini.

Baina ya hapo na Perth iko Pilbara yenye mawe ya chuma, yanayopakiwa Port Hedland kwenda zaidi China. Utajiri wa jimbo unatoka huko, lakini miji yake ni midogo, kwa sababu wafanyakazi wengi hupelekwa kwa ndege, wakamaliza zamu ya wiki mbili au zaidi, wakarudishwa Perth kwa familia zao. Kwa maoni yangu huo ni mtindo wa kuchuma bila kukaa.

Na Perth nayo ina kiu. Sehemu ya maji yake huchimbwa chini ya mchanga, kama sisi tunavyokunywa maji ya visima vya vilima vya mchanga vya Shela kwetu Lamu, lakini tangu miaka ya 1970 mvua imepungua, ndipo mwaka 2006 wakafungua mtambo wa Kwinana wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Watu wa kwetu wanaotaka kujenga hoteli juu ya vilima vile vya mchanga wangeambiwa gharama ya kuondoa chumvi, maji ya visima yakiharibika.

Kama binamu bado ana nia ya kazi za migodini, mwambie atafute kwanza cheti cha ufundi wa umeme au wa mitambo mizito, na chumba apange hapa Perth, si huko.

Nisalimie mama na wote wa Langoni.

Wassalaam,
Mwanao