Mchoro wa mfumo uoneshe na pale malipo yanapokwama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wenye biashara wa jiji hili, hususan wale wa Kariakoo wanaoagiza mifumo ya kuuzia mtandaoni, jambo ambalo mafundi wengi wa programu hulipita haraka wanapoonesha kazi yao.

Siku hizi mfumo wa namna hiyo huundwa kwa huduma nyingi ndogo zilizo katika wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti: moja hupokea oda, nyingine huomba malipo ya simu, nyingine hupunguza mali stoo, na ya mwisho humtumia mteja ujumbe. Kinachozipanga zifuatane ni chombo cha mtiririko wa kazi, mfano Step Functions ya Amazon iliyotoka mwaka 2016, ambayo tangu 2021 ina ukurasa wa kuchorea, ambapo fundi huburuta visanduku na kuviunganisha kwa mishale huku chombo kikiandika maelekezo yake chenyewe. Ninaunga mkono utaratibu huo, kwa kuwa hata mwenye duka asiyejua programu anaweza kufuata kwa kidole safari ya oda yake na kuhoji.

Tatizo ni kwamba mchoro anaooneshwa huwa ni wa siku njema. Kisanduku cha malipo kinapokosa jibu, chombo huweza kuwa kimeagizwa kijaribu tena, na hapo ndipo penye hatari, kwa maana kukosa jibu si kukosa malipo. Fedha huenda imekwisha kukatwa, ila taarifa ikapotea njiani. Ombi la pili likienda kama ombi jipya, mteja hukatwa mara mbili kwa jozi moja ya viatu, na mchoro huonesha kijani mwanzo hadi mwisho. Kinga yake inajulikana: oda ipewe namba ya kumbukumbu kabla ya ombi la kwanza, namba hiyohiyo itumike katika kila jaribio, na upande wa malipo ukatae kuitoza tena. Mtoa huduma ya malipo asipokuwa na uwezo huo, mtiririko uulizie kwanza hali ya muamala. Mali iliyokwisha kupunguzwa stoo nayo ichorewe mshale wa kuirudisha malipo yakishindikana, kwani chombo hakitabuni njia hiyo.

Hofu hii si ya bure. Vituo vikuu vya data vya Amazon barani Afrika viko Cape Town, hivyo ombi kutoka hapa huweza kusafiri mbali kabla ya kujibiwa, na Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ilizorota nchini kote. Zaidi ya hayo, mtiririko wa kawaida wa Step Functions hutozwa kwa kila hatua, yakiwemo majaribio ya kurudia.

Kwa hiyo mwenye duka, kabla hajamalizia malipo ya fundi, amwombe akate mawasiliano na huduma ya malipo katikati ya oda ya majaribio, kisha wafungue pamoja taarifa ya miamala na hesabu ya stoo.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam