Naiti mwenye nadhiri ni mtawa

Rafiki yangu Ladislaus,

Tumsifu Yesu Kristo!

Barua yako nimeipata, pamoja na picha ya yule bwana mwenye joho jeusi na msalaba mweupe wenye ncha nane. Unauliza kama hawa manaiti wa Malta, yaani wanachama wa shirika la kale la Kikatoliki lenye vyeo vya kiaskari, ni watawa kweli au ni wakubwa wanaopenda mavazi, na kama kijana wa parokia yenu, yule aliyeonyeshwa cheti, anaweza kujiunga nao. Nitaanza na hilo la utawa, maana hapo ndipo wengi wanapochanganya.

Historia unaijua kwa sehemu. Kazi ilianza katika hospitali ya mahujaji kule Yerusalemu chini ya Mwenyeheri Gerard, na Papa Paskali II akaiweka chini ya ulinzi wa Kanisa kwa hati ya tarehe 15 Februari 1113. Wagonjwa walitangulia, upanga ukafuata. Wakahamia kisiwa cha Rodi wakakaa mpaka 1522, wakapewa Malta mwaka 1530, Napoleon akawatoa 1798, na tangu 1834 makao yao yapo Roma, kwenye barabara ya Via dei Condotti.

Leo shirika lina wanachama zaidi ya 13,000, wamegawanyika katika madaraja matatu. La tatu ndilo kubwa kuliko yote: walei, wengi wao wenye ndoa, wasio na nadhiri yoyote. Wanasali, wanahudumia wagonjwa, wanachangia. La pili ni la wale walioahidi utii. Hao nao wanaweza kuwa na mume au mke, na wanawake wamo. Ahadi yao ni nzito, ila si nadhiri. Daraja la kwanza ndilo la Manaiti wa Haki, wanaume walioweka nadhiri tatu za ufukara, usafi kamili na utii, pamoja na mapadre wao. Hao manaiti wa nadhiri hawafiki hata 100 duniani kote. Kwa hiyo ukimwona mtu na lile joho, uwezekano mkubwa ni kwamba nyumbani kwake kuna mke na watoto, na hajavunja sheria yoyote. Mwenye nadhiri utamtambua kwa jina: huitwa Fra', yaani ndugu, kisha jina lake.

Kisheria huyu Fra' ni mtawa kama bradha yeyote wa shirika mnalolijua huko Moshi. Kwa hiyo njia yake ni ileile: kipindi cha kujaribiwa, unovisi (malezi kabla ya nadhiri), nadhiri za muda, kisha za daima. Sheria za Kanisa za 1983 zimeweka mipaka, na Katiba ya shirika lenyewe inaongeza yake. Anayeingia unovisi awe ametimiza miaka 17 na asiwe ndani ya kifungo cha ndoa. Hapa wengi hukwama: talaka ya mahakama ya serikali haitoshi. Mbele ya Kanisa aliyepewa talaka bado ana mke, mpaka mahakama ya Kanisa itamke kwamba ndoa ile haikuwa halali. Mjane anaweza. Mwenye madeni asiyoweza kuyalipa hapokelewi, na ni haki, maana wadai wake watamfuata mlangoni. Vyeti vinavyotakiwa ni vya ubatizo, vya kipaimara na vya kuthibitisha kwamba yu huru, hana kifungo cha ndoa.

Unovisi ni miezi 12, nao hauzidi miaka 2. Mnovisi akikosekana jumla ya zaidi ya miezi 3, mfululizo au kwa vipandevipande, unovisi huo ni batili, anaanza upya. Zikizidi siku 15, analipia siku hizo. Nadhiri za muda huwekwa kwa kipindi kisichopungua miaka 3 wala kuzidi 6, na kwa nadhiri za daima awe walau na miaka 21. Kwa naiti umri huo ni wa kwenye karatasi tu. Wengi huja wakiwa watu wazima wenye kazi na mali zao.

Mali ndiyo mtihani wenyewe. Kabla ya nadhiri za kwanza mtu anakabidhi usimamizi wa mali yake kwa mwingine na kuandika matumizi na mapato yaende wapi. Chukua mfano wa mwenye nyumba ya kupangisha. Jina lake linabaki kwenye hati, lakini kodi haipokei yeye, mkataba na mpangaji hausaini yeye, na akitaka kubadili mpango huo anaomba ruhusa kwa mkubwa wake. Kabla ya nadhiri za daima anaandika wosia unaosimama pia mbele ya sheria za serikali. Tangu hapo, anachokipata kwa jasho lake ni cha shirika. Hata pensheni ni ya shirika, isipokuwa sheria ya shirika iseme vinginevyo. Panapoharibika ni pale mtu anaposaini karatasi zote hizo huku funguo na kitabu cha benki vikibaki mfukoni mwake. Au wosia unaandikwa bila kufuata taratibu za nchi, akifa ndugu wanaupinga na mahakama inawapa ushindi.

Kwa maoni yangu udhaifu wao wa zamani ulikuwa hapo. Katiba yao ya awali haikuwalazimisha kuishi pamoja. Kila mmoja alikaa kwake, akajilisha mwenyewe, na nadhiri ya ufukara ikategemea uaminifu wake peke yake. Ufukara bila meza ya pamoja na bila mtu wa kukuuliza umetumia nini ni mgumu kuliko wa ndani ya nyumba ya kitawa, wala si mwepesi kama watu wanavyodhani. Shida ya pili ilikuwa uongozi. Mkuu wa Shirika lazima awe naiti wa nadhiri, na zamani ilibidi pia awe wa ukoo wa kikabaila. Changanya masharti hayo mawili na ile idadi ndogo, utaona waliobaki wa kuchaguliwa walikuwa wangapi! Baada ya mgogoro uliomfanya Fra' Matthew Festing, Mkuu wa wakati huo, ajiuzulu mwaka 2017, Baba Mtakatifu Fransisko alitangaza Katiba mpya tarehe 3 Septemba 2022. Sharti la ukoo likaondolewa, na Mkuu sasa anakaa miaka 10, anaweza kurudia mara moja tu, na hapiti umri wa miaka 85. Mei 2023 alichaguliwa kuwa Mkuu Fra' John Dunlap, Mkanada na mwanasheria.

Nadhiri za daima hazivuliwi kama joho. Anayetaka kutoka anahitaji sababu nzito na kibali cha Kiti cha Kitume, yaani cha Roma, na akijaribu kuoa bila kibali hicho, ndoa ni batili.

Sasa yule bwana wa kwenye picha. Ukiona ule msalaba wa ncha nane kwenye gari la wagonjwa la St John Ambulance kule Kenya, hao ni watu halali, ila wanatokana na shirika la taji la Uingereza lililo nje ya Kanisa Katoliki, na nadhiri hawana. Wa kuogopa ni wauza vyeo vya unaiti. Oktoba 2012 Kiti Kitakatifu kilieleza wazi kwamba, ukiacha nishani za Papa mwenyewe, kinatambua mashirika mawili tu ya namna hii: la Malta na lile la Kaburi Takatifu la Yerusalemu. Vyeti vya mengine havina thamani yoyote kwake, na haifai wapewe kanisa au kikanisa kwa ibada zao. Mwonyeshe paroko sentensi hiyo kabla hajatoa funguo za kanisa.

Kuhusu kijana wenu: shirika hili hualika, halipokei fomu za mtandaoni. Milango yake ni vyama vya kitaifa na priori zake kuu (matawi yake ya kanda), kama za Roma, Bohemia, Austria na Uingereza. Mtu akimwambia kwamba atamfikisha kwenye nadhiri kwa mwezi mmoja kwa ada fulani, ajue unovisi pekee ni mwaka mzima. Akiwa na wito wa kitawa na anapenda wagonjwa, mpeleke kwanza kwa mkurugenzi wa miito wa jimbo. Na kile cheti alichoonyeshwa nipigie picha pande zote mbili, muhuri uonekane, unitumie.

Wasalimie mama watoto na wanakwaya.

Ndimi rafiki yako,
Gaudence