Barua kwa mwanangu atakayeigiza Élise

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, bibi yako naye anakusalimu.

Nimefurahi kusikia kwamba mtacheza L'Avare (yaani Bahili), mchezo wa kuigiza wa Mfaransa Molière, na kwamba wewe ndiwe Élise. Lakini unanung'unika eti sehemu yako ni ndogo, macho yote yatakuwa kwa Harpagon, baba yake bahili. Hapo sikubaliani nawe.

Kweli, bahili yule anavuta macho. Molière mwenyewe ndiye aliyemwigiza mwaka 1668, katika ukumbi wa Palais-Royal, Paris, na kikohozi chake akakiingiza mchezoni. Akiibiwa sanduku la écu 10,000, fedha ya Ufaransa ya zamani, alilofukia bustanini, Harpagon hupiga kelele za mwizi mpaka anajikamata mkono wake mwenyewe. Watu wacheke, ni haki yao.

Mimi moyo wangu hubaki kwa watoto. Cléante, kaka yako mchezoni, anatafuta mkopo wa faranga 15,000 kwa siri, kupitia dalali. Riba ni zaidi ya robo ya mkopo kwa mwaka, na faranga 3,000 kati ya hizo atapewa kwa vyombo chakavu, pamoja na ngozi ya mjusi iliyojazwa majani makavu! Siku ya kukutana na mkopeshaji, kumbe ni baba yake mzazi. Wanalala chini ya paa moja, na mtoto ameona heri kumwendea mtu asiyemjua kuliko kumweleza baba shida yake. Kwa mzazi, hakuna aibu kubwa kuliko hiyo.

Wewe baba anataka kukuoza kwa Anselme, mtu wa makamo, kwa sababu moja tu: anakuchukua bila mahari. Kwao enzi hizo mali ilitoka kwa baba wa binti ikaenda kwa mume. Valère, mchumba wako wa siri, anagusia rika, moyo, furaha ya maisha yako, kila mara Harpagon anajibu, "Bila mahari." Nawe umesimama papo hapo, unapimwa kama gunia la nafaka. Kabla ya hapo unamkatalia baba kwa kupiga goti, kwa adabu kamili, naye anakuigiza kwa kejeli. Usiziharakishe sentensi zile, mwanangu. Ndizo zinazoonyesha binti ana akili gani na amelelewa na nani.

Mwishoni ndoa zote mbili, yako na Valère na ya Cléante na mpenzi wake Mariane, zinakubaliwa; Anselme, kumbe ndiye baba wa Valère na Mariane, analipa gharama, hata suti mpya ya Harpagon ya kuvaa harusini. Wenzake wanakwenda kumpasha habari mama yake Mariane. Yeye anakwenda kuliona sanduku lake. Mwulize mwalimu wenu: neno lile la mwisho likisemwa, Élise anamtazama baba yake, au ameshageuka? Niandikie mlivyoamua.

Akupendaye,
Mama