Krismasi njema watu wangu wa Ukerewe, mwaka huu tuko nyumbani

Tumsifu Yesu Kristo, na ndugu zangu Waislamu asalaam aleykum. Heri ya Krismasi kwenu nyote wa Nansio, Bukindo, Kagunguli, Murutunguru, na nyie wa kwetu mlioko Mwanza mnahangaika na maisha. Tangu jana nimeshika simu nataka nitume salamu fupi tu kama watu wanavyotumiana, nimeshindwa, kila nikianza naikumbuka Krismasi ya mwaka jana na machozi yananilenga, kwahiyo leo nisameheni nitaandika ndefu.

Mwaka jana tarehe kama hizi nilikuwa hospitali ya Bugando, Mwanza, wodi ya watoto, nimekaa kwenye ndoo niliyoigeuza kiti pembeni ya kitanda cha mwanangu. Kule nje wanauza maembe maana ndo msimu wake, harufu inaingia mpaka ndani, na yeye hata maji kuyameza ni shida. Mlimwona nyie mwenyewe kabla hatujavuka, shavu la kushoto limejaa mpaka jicho linafunika. Ilianza kama jino tu, likalegea, tukaenda sehemu likang'olewa, likalegea la pili nalo likang'olewa, tukapewa dawa za usaha tukarudi nyumbani, na uvimbe uko palepale unaongezeka, yaani analala hivi anaamka umezidi wa jana. Aliyetushtua ni mwalimu wake wa darasa la pili. Alikuja nyumbani jioni, akamshika taya taratibu akaniambia mama huyu mtoto kesho asije shule, kesho mpande meli. Na nauli ya meli akatoa yeye. Mwalimu wangu, hata leo nikikuona pale sokoni nakosa cha kukwambia.

Tukaambiwa ni saratani, inaitwa Burkitt. Daktari alinieleza vizuri sana bila haraka, akasema jina hilo ni la daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, miaka ya 1950, akawa anaona watoto wenye taya kama la mwanangu, halafu akanambia inakua haraka mno lakini ikikutana na dawa nayo inaondoka haraka. Mimi nilisikia neno saratani tu, hayo mengine niliyasikia baadae. Lakini ikawa kweli jamani. Dripu ya kwanza ya kemo, yaani dawa za saratani, iliisha, siku ya nne nikawa namfuta uso kwa kitambaa nikaona jicho lake limefunguka lote, ananitazama. Nikamwita nesi kwa kelele mpaka wenzangu wakadhani kuna baya limetokea.

Sasa nyie ndo hapo mlipoingia, na wengine hamjui hata kama mlifanya kitu kikubwa. Mnajua mume wangu ni mtu wa dagaa. Wakati wa giza yuko ziwani usiku kucha na taa, mbalamwezi ikitoka hawaendi, basi ndo anavuka kuja kunipokea wodini nilale kidogo. Zile siku za giza zote wanangu wawili wadogo walilala kwa jirani yangu, wanakula pale, wanaoga pale, wanaenda shule wametokea pale, miezi mitano. Sikumwomba. Siku tunaondoka alikuja kuchukua mashuka yao tu, akasema nenda.

Akina mama wa kikoba chetu walinipa fedha za mzunguko kabla zamu yangu haijafika, na marejesho wakasema tutaongea mtoto akipona. Jumuiya walisali rozari nyumbani kwangu kila Alhamisi mie mwenyewe nisiwepo. Mzee wetu mmoja wa msikitini alikuwa anampa mtu wa meli kapu la machungwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, halafu ananipigia, mwanangu shuka bandarini saa fulani. Ile michembe tulikula wodi nzima, kuna mama katoka Mara huko hana mtu Mwanza, tulikuwa tunakaa naye tunatafuna usiku watoto wakilala.

Na damu. Kemo inashusha damu, kuna siku ya tatu hivi baada ya Krismasi mwanangu alikuwa mweupe midomoni, tukaambiwa tafuteni watu wa kuchangia. Nikapiga simu moja tu. Vijana watano wa kwetu wanaofanya umachinga pale Makoroboi wakafunga meza zao mchana kweupe, msimu wenyewe ndo huo wa watu kununua nguo za sikukuu, wakapanda kule mlimani kwa miguu wanatoka jasho. Mmoja uzito haukutosha akakataliwa, akakaa nje kwenye ngazi analia. Mdogo wangu, nilikuona. Na wewe ulichangia.

Kwahiyo mwaka huu nilipopita kanisani wakati wanatengeneza pango, wanapanga majani na wachungaji na kondoo, nilisimama pale muda mrefu. Mama yule alijifungua ugenini, hana kwao pale, na waliokuja kumwona ni watu wa kuchunga usiku, wamekuja vilevile walivyo. Zamani nilikuwa naangalia malaika na nyota. Sasa hivi naangalia wale wachungaji, nawaona nyie.

Mtoto yuko vizuri, dawa zilishaisha, tunaenda kliniki ya kuangaliwa tu, shule amerudi na meno yameanza kuota upya. Nawaomba kitu kimoja, mkiona mtoto yeyote taya linavimba na meno yanalegea msihangaike kung'oa tu, mvusheni haraka aende hospitali, haiambukizi na inatibika.

Wifi yangu alikuwa anaandika kwenye daftari kila kilicholetwa. Juzi nimelisoma lote. Debe la mahindi. Sabuni miche miwili. Shilingi 500, bibi wa mihogo. Kuna ukurasa una mstari mmoja, elfu ishirini, imetumwa kwa wakala usiku, haina jina, na ndo hela iliyolipa kipimo kesho yake asubuhi.

Tarehe 26 mchana njooni nyumbani, kuna pilau, na mume wangu ameahidi sato, na mwanangu anasema maembe atagawa yeye mwenyewe. Na wewe wa ile elfu ishirini uje. Wifi alikuandika "mtu wa Mungu", mtoto kila siku ananiuliza mtu wa Mungu anakaa wapi, anataka akuwekee lile embe kubwa.