Barua ya Wazi kwa Waziri wa Nishati na Petroli: Kabla Visima vya Lokichar Havijafunguliwa

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Odessa, magharibi mwa Texas, ambako nimekuwa dereva wa lori la maji kwa miaka saba. Nilizaliwa Lokichar, kaunti ya Turkana, kaskazini mwa Kenya. Mama yangu yuko huko bado, na kila Jumapili nikimpigia simu huniuliza swali lile lile: "Mwanangu, haya mafuta yatatoka lini?" Ameuliza hivyo tangu Machi 2012, Rais Kibaki alipotangaza kwamba kisima cha Ngamia-1 kimegonga mafuta. Mjukuu wake aliyezaliwa mwaka ule sasa amempita kimo.

Sikuandikii kupinga uchimbaji. Nyumba ya mabati anayolala mama ilijengwa kwa mshahara wa mafuta, mafuta ya watu wengine. Nakuandikia kwa sababu kazi yangu imenionyesha kila siku upande wa biashara hii ambao haukuzungumzwa katika mabaraza niliyohudhuria nyumbani.

Ukisikia lori la maji, usidhani nabeba maji ya kunywa. Mafuta ya huku yamebanwa ndani ya shale, mwamba mgumu wa tabaka tabaka. Kisima huchimbwa kwenda chini kilomita mbili au tatu, kisha hupindishwa na kulazwa ndani ya mwamba kwa masafa kama hayo, halafu maji, mchanga na kemikali husukumwa humo kwa nguvu mpaka mwamba upasuke. Kisima kimoja humeza mamilioni ya galoni za maji na maelfu ya tani za mchanga. Mafuta yakianza kupanda, hayapandi peke yake. Kwa kila pipa la mafuta hupanda mapipa matatu, wakati mwingine manne, ya maji yaliyokaa chini huko miaka na miaka, yenye chumvi inayoweza kuzidi ya bahari mara tatu, pamoja na mabaki ya mafuta na madini ambayo hakuna mfugaji angependa mbuzi wake ayalambe. Hayo ndiyo ninayobeba, mapipa 130 kwa safari moja, kuyapeleka kwenye kisima cha kutupia ili yarudishwe ardhini.

Na ardhi imeanza kuyakataa. Tarehe 16 Novemba 2022 tetemeko la ukubwa wa 5.4 lilitikisa eneo la magharibi mwa mji wa Pecos. Tayari mwaka uliotangulia Tume ya Reli ya Texas, ambayo licha ya jina lake ndiyo msimamizi wa mafuta, ilikuwa imesimamisha utupaji wa maji katika visima virefu karibu na Midland, kwa sababu matetemeko yalikuwa yameongezeka. Mwanzoni mwa 2022, katika kaunti ya Crane, kisima cha zamani kilichoachwa kilifumuka na kurusha maji ya chumvi juu angani kwa siku nyingi. Hii ni nchi tajiri, yenye wahandisi wengi na uzoefu wa mafuta wa miaka mia moja, na bado inahangaika kutafuta pa kuyatupa maji hayo.

Najua utaniambia kwamba mafuta ya Lokichar si ya shale. Ni kweli. Yako kwenye mwamba wa mchanga na hayahitaji kupasuliwa. Lakini nayo yana shida yake ya maji. Yana nta nyingi, yakipoa yanaganda kama samli, ndiyo maana bomba lililopangwa kwenda Lamu, zaidi ya kilomita 800, lingepaswa kupashwa moto njia nzima. Na ili yasukumwe kutoka chini, mpango uliochorwa ulikuwa kuvuta maji kwa bomba kutoka bwawa la Turkwel na kuyaingiza ardhini. Mheshimiwa, Turkwel ndio mto unaonywesha mashamba ya Katilu na kupita Lodwar hadi Ziwa Turkana. Tumetoka juzi tu katika misimu mitano mfululizo ya mvua kukosa kunyesha. Mama alizika mbuzi wake mmoja mmoja, kisha akachoka kuwazika. Mtu aliyepitia hayo ukimwambia kwamba maji ya mto yatapelekwa chini ya ardhi kusukuma mafuta, ana haki ya kuuliza: kiasi gani kwa siku, miezi gani, na kiangazi kikija nani atafungiwa kwanza, kisima cha mafuta au shamba la Katilu? Mimi sijawahi kuona jibu lililoandikwa kwa lugha anayoielewa.

Kuna mzee mmoja mfugaji ambaye nyumba yake iko kando ya njia yangu. Siku moja tairi lilipasuka mbele ya lango lake, akaniletea maji baridi, tukakaa kivulini. Ardhi ile ni ya babu yake. Lakini hapa mtu anaweza kuuza kilicho chini ya ardhi na kubaki na kilicho juu, na babu aliuza zamani, wakati wa njaa. Jirani yake, ambaye hakuuza, hulipwa mrabaha kila mwezi. Huku kwa kawaida mrabaha ni kati ya sehemu moja ya nane na robo ya thamani ya mafuta. Huyo mzee hupata vumbi, moto wa gesi unaowaka usiku kucha, na malori kama langu yanayopita dirishani kwake. Yeye na jirani wanatazama mtambo mmoja. Mmoja amemsomesha binti yake udaktari. Mwingine anauza ng'ombe wake wa mwisho.

Tangu siku ile sijaacha kufikiri kwamba watu wa Lokichar, Lokori na Nakukulas wote ni kama yule mzee. Katiba yetu inasema mafuta yaliyo ardhini ni mali ya umma chini ya serikali ya kitaifa, na sina ugomvi na hilo. Sipendi nchi ambayo babu mmoja mwenye njaa anaweza kuwauzia wajukuu wake umaskini. Lakini basi kitu pekee kinachomtofautisha mama yangu na yule mzee ni ile asilimia tano. Sheria ya Petroli ya 2019 imeigawa sehemu ya serikali hivi: 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya pale mafuta yanapotoka. Wananchi wengi wanadhani ni tano ya mafuta yote. Sivyo. Ni tano ya fungu la serikali, baada ya kampuni kujirudishia gharama zake. Sheria inasema fedha hizo zitaingia katika mfuko wa amana wenye bodi ya wadhamini. Naomba uwaeleze watu hilo waziwazi, barazani, kwa Kiturkana, kabla hawajaanza kuhesabu pesa ambazo hazipo. Na naomba bodi hiyo iwe imekaa, wanachama wake wakijulikana kwa majina na kwa boma zao, kabla pipa la kwanza halijauzwa.

Nasema kabla, kwa sababu tumeona kilichotokea mambo yalipofanywa baadaye. Oktoba 2013 watu waliandamana wakidai kazi na zabuni, uchimbaji ukasimama. Juni 2018 Rais Kenyatta aliyaaga malori ya kwanza ya mafuta, na mwezi haukwisha wananchi wakayazuia barabarani, wakidai usalama na ajira. Agosti 2019 shehena ya kwanza, ambayo serikali ilisema imeuzwa kwa dola milioni 12, iliondoka Mombasa, tukapiga vigelegele. Kisha kimya. Mwaka 2023 kampuni mbili zilizokuwa na hisa, TotalEnergies na Africa Oil, zikajitoa, na 2025 Tullow, kampuni iliyokuwa ikiongoza uchimbaji, ikakubali kuiuzia kampuni ya Gulf Energy mali zake za Kenya kwa angalau dola milioni 120. Kila mwenye mkataba mpya huja na ahadi mpya, na ahadi za aliyeondoka humfuata uwanja wa ndege.

Kuhusu ardhi sitasema mengi, maana wazee wamekwisha kusema kuliko mimi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ipo tangu 2016. Ardhi ambayo haijasajiliwa bado iko mikononi mwa kaunti kwa niaba ya wenyewe. Isajiliwe kwanza. Mfugaji anayehama kufuata nyasi haonekani siku ya fidia, kwa hiyo njia za mifugo na visima vya kiangazi viingizwe kwenye ramani naye akiwepo.

Fedha zenyewe pia zinatisha zikija kwa kasi. Nilipofika Odessa kodi ya nyumba ilikuwa juu kiasi kwamba walimu walikuwa wanahama, na madereva tulilala wanne kwenye nyumba ya magurudumu. Kisha ikaja Aprili 2020. Tarehe 20 bei ya pipa la mafuta ya Marekani ilishuka dola 37 na senti 63 chini ya sifuri, yaani muuzaji alimlipa mnunuzi ili ayachukue. Kampuni niliyokuwa nikiendeshea ilituambia tuache funguo mezani, ikawa ndiyo kwaheri. Mikahawa iliyofunguliwa kwa ajili yetu ilifungwa wiki ile ile. Hebu piga picha Lokichar ikipatwa na siku kama hiyo, na mbuzi wamekwisha kuuzwa ili kijana anunue pikipiki ya kubebea wafanyakazi.

Ndiyo maana nakusihi utazame walioweka akiba. Wananchi wa North Dakota, jimbo jingine la shale, walipiga kura mwaka 2010 kwamba asilimia 30 ya kodi ya mafuta na gesi iingie katika mfuko usioguswa ovyo. Leo una mabilioni ya dola. Hapa Texas, kisima cha Santa Rita kilitoa mafuta mwaka 1923 katika ardhi kame iliyokuwa imetengewa chuo kikuu, ardhi ambayo watu waliiona haifai hata kwa mbuzi, na mpaka leo mapato ya ardhi hiyo yanasomesha vijana. Turkana pia huambiwa ni ardhi isiyofaa kitu.

Ombi langu la mwisho ni dogo, na kwangu ndilo kubwa. Katika nchi za shale kesi nyingi za visima vya maji vilivyoharibika zimekwama mahali pamoja: hakuna aliyekuwa amepima maji kabla ya kuchimba. Mkulima anasema maji yalikuwa mazuri, kampuni inasema yalikuwa hivyo hivyo tangu zamani, na hakimu hana karatasi ya kumsaidia. Wapeleke wataalamu wapime kila kisima cha maji kilicho jirani na visima vya mafuta, sasa, wakati mitambo imelala, na majibu yabandikwe ofisini kwa chifu na katika shule.

Nitakuwa nyumbani Desemba. Kisima anachochota mama kina pampu ya mkono, kiko nyuma ya kanisa, na maji yake ni matamu. Wataalamu wako wakija, nitawapeleka mwenyewe, na mama ameahidi kuwapikia.

Wako mwaminifu,
Dereva wa lori, mzaliwa wa Lokichar
Odessa, Texas