Kampuni Ikivunjwa, Hundi Yake Apokee Nani?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo, katika kazi yangu ya kutunza hesabu za wafanyabiashara wadogo hapa Mombasa, nimeliona likiwatia hasara watu waaminifu.

Ndugu wawili waliokuwa na kampuni ya malori ya kubeba mizigo ya bandarini waliomba jina lake lifutwe katika daftari la Msajili wa Kampuni, tangazo likatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, kampuni ikawa imevunjwa, nao wakadhani yamekwisha. Baada ya miezi michache mteja wao wa Shimanzi, aliyekuwa bado anadaiwa nauli ya mizigo, alileta hundi yenye jina la kampuni. Haikuwa na akaunti ya kuingia. Wakamwomba awatumie fedha hizo kwa M-Pesa, kila mmoja nusu yake.

Niliwazuia, na sababu yake inafaa ijulikane. Kwa mujibu wa Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015, kampuni inapovunjwa, mali na haki zake zote zilizobaki, yakiwemo madeni inayowadai watu, huwa mali isiyo na mwenyewe na kuingia mikononi mwa Serikali. Hazigawanywi kama urithi, hata kama wenye hisa ni ndugu wa tumbo moja. Waliokuwa wakurugenzi hawana tena mamlaka ya kuzipokea, na risiti watakayoandika haimvui mdaiwa deni lake. Tumelelewa tukiambiwa kuwa dawa ya deni kulipa, lakini anayemlipa asiyestahili anaweza kudaiwa mara ya pili.

Kampuni inaweza kurudishwa daftarini kwa amri ya mahakama, kwa maombi ambayo kwa kawaida hufanywa kabla ya miaka 6 kupita, na ikirudi huhesabiwa kana kwamba haikuvunjwa kamwe. Hata hivyo, gharama ya wakili huweza kulimeza deni lenyewe, ilhali ingetosha kukusanya madeni yote kwanza, ndipo maombi ya kufuta yapelekwe.

Naiomba afisi ya Msajili iweke onyo hili kwa Kiswahili chepesi mahali pale pale maombi yanapojazwa, kabla mwombaji hajatia sahihi. Mteja yule wa Shimanzi bado anayo hundi yake, na kila wiki ananiuliza ampe nani.

Mtunza hesabu,
Tudor, Mombasa