Yaya, mashua ya Papa haitakuja huko

Yaya,

Ujumbe wako, mkubwa wangu, kwenye kundi la familia tuliusoma wote huku Bukavu. Mama alisomewa na binti wa Baba Mdogo, maana macho yake hayaiwezi tena simu. Umeandika kwamba mashua ya Papa, ile ndogo ya mfano aliyoiunda baba yetu kwa mikono yake, ni haki ya mtoto wa kwanza, kwamba niliitorosha watu wakiwa kwenye kilio chake, na kwamba kuna mtu wako atapita kuichukua, aivushe mto Ruzizi hadi Rwanda, aipakie ndege Kigali. Kule kundini sikujibu. Ulinisema mbele ya watu, nami nakujibu mbele ya watu.

Niliitoa, ndiyo. Nyumba ilikuwa imejaa. Wajomba wa Walungu walilala hadi kwenye atelie, katikati ya randa na misumeno, na watoto walikuwa wanapanda meza kutafuta mahali pa kuchungulia. Niliifunga kwa kitenge cha Mama, nikaipeleka kwa rafiki yangu anayekaa Nguba, kabla haijakanyagwa. Ungekuwepo ungefanya hivyo hivyo. Lakini hukuwepo. Najua uwanja wa ndege wa Kavumu ulikuwa umefungwa, na bei ya tiketi naijua. Najua pia kwamba yule kijana wa nyumba ya mabati mekundu, baba yake alipofariki, alitua Kigali, akashuka kwa basi usiku kucha, akavuka daraja kwa miguu na begi lake kichwani. Haya, tuyaache hayo. Dawa za Papa ulilipa wewe, kila mwezi, bila kukumbushwa. Hilo nalisema na ninalirudia, na Mama analisema kwa kila anayekuja.

Jambo langu ni ile jioni ulipokuja kututembelea. Wewe unaiita jioni uliyomkamilishia Papa mashua yake. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, kwenye kile kiti cha Bagira.

Tulikuwa tumemaliza kula, umeme umekatika, taa ya sola iko mezani. Ukafungua begi, ukatoa mfuko wa nailoni wenye bei ya yuro juu yake. Ndani kulikuwa na roda za shaba, vile vipande vya kupitishia kamba, zilizotoka mashineni, zote sawasawa, vishikio vya kamba vinavyong'aa, na zile skrubu ndogo za kukazia waya. Ukasema, "Papa, sasa itakuwa mashua kweli." Ukachukua pensi, koleo la kukatia, ukutani. Ulianza na henza, kamba ya kupandishia tanga, ukaikata. Roda za Papa ukawa unazing'oa moja baada ya nyingine na kuziweka kwenye kifuniko cha kopo la maziwa. Moja ilidondoka, na uliposogea kufuata mwanga ukaikanyaga. Niliisikia ikipasuka. Papa akainama, akaokota vipande viwili, akavitia mfukoni mwa shati. Akasema, "Aksanti, mwanangu. Ni vizuri sana." Ukafurahi, ukampiga picha. Ndiyo picha uliyoiweka kwenye ukurasa wako siku aliyotutoka, na watu wengi wakaandika pole chini yake. Itazame tena, Yaya. Tazama mkono wake wa kushoto, umeshika nini.

Tangu usiku ule hakuigusa tena ile mashua. Aliifunika gunia la unga, akarudi kwenye vitanda na makabati ya watu.

Utasema nakuza mambo, kwamba ni vijiti na vijiwaya tu. Basi nikukumbushe vilivyotengenezwa, maana ulikuwa umeshaondoka Papa alipoanza, na mimi ndiye niliyekaa naye atelie.

Roda zilikuwa za mti wa kahawa. Alinunua shina kavu la mkahawa mzee pale Beach Muhanzi, kwa mama mmoja aliyeleta kuni kutoka Kalehe. Alisema mkahawa una nyuzi zilizobanana, ukitoboa tundu dogo haupasuki. Alichana ubao mwembamba, milimita 12 kwa upana, akatoboa matundu kwa njiti ya baiskeli aliyoiponda ncha na kuinoa. Kisha akachimba mfereji wa kamba kuzunguka ukingo, na ndipo akakata roda moja moja. Zikitoka hapo zina kona kali. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga, ndani amebandika karatasi ya msasa. Unatia roda ndani, unafunga, unatikisa. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Natikisa hadi mkono unakufa ganzi, nafungua, na zile kona zimekwisha, zimekuwa za mviringo kama punje za maharage. Halafu zile ambazo tundu lake halikunyooka anazitupa. Hata ziwe nyingi, anazitupa, anaanza tena.

Ndoano zilitoka kwenye nyaya za mota iliyoungua. Anaupasha waya kwenye mkaa hadi uwe mwekundu, anauzamisha majini, unakuwa laini, unapindika bila kuvunjika. Ukishaupinda anaugonga taratibu kwa nyundo upate ugumu tena. Shaba ikiwa mpya inang'aa mno, haifanani na chuma cha chombo kilichozeeka ziwani. Ndipo alipoomba yai. Mama alikasirika, unajua bei ya mayai siku zile. Alilichemsha, akaliponda pamoja na ganda lake, akalitia kwenye chupa yenye mdomo mpana, akaning'iniza ndoano juu yake kwa uzi, akafunga. Asubuhi zilikuwa nyeusi, weusi wa kweli, si wa rangi. Mvuke wa yai ndio unaoila shaba hivyo. Alimwonyesha Mama, na Mama akacheka, akasema basi yai limeliwa.

Kamba alizisokota mwenyewe kwa nyuzi za cherehani: kila uzi unapotwa upande mmoja, kisha nyuzi tatu zinasokotwa pamoja kwa upande wa pili, ndipo zinashikana. Zikapakwa nta ya nyuki. Kamba ya sentimita 3 kwenye chombo cha kweli ni milimita 2 kwake, na alikuwa nazo za unene wa aina mbalimbali kwa sababu henza na demani, kamba ya kuvutia tanga, hazibebi mzigo ule ule.

Hapo ndipo ulipokosea, na ningependa unisikilize kama fundi, si kama mdogo wako. Papa hakuwa anaunda boti la Ulaya. Alikuwa anaunda chombo cha Babu, kilichobeba mawese, chumvi na ndagala kati ya Baraka na Kigoma, Ziwa Tanganyika: mita 12 kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, tanga moja la pembetatu. Vyombo vya namna hiyo viliundwa Ujiji tangu karne ya 19, na mafundi waliojua kazi ya pwani. Papa alichukua kipimo cha 1 kwa 15, ikawa sentimita 80. Kila kitu alikigawa kwa 15, hata unene wa mbao, hata vichwa vya misumari. Roda zako zilikuwa za milimita 20. Zidisha mwenyewe: ni roda ya sentimita 30. Baharia wa Baraka angeipandishia nini?

Na zile skrubu za kukazia waya ndizo zinazoniuma zaidi. Kwenye chombo cha tanga la pembetatu, mlingoti umeinamia mbele kidogo na foromali, ule mti unaobeba tanga, ni ndefu, inaning'inia kwenye henza. Kamba za kushikilia mlingoti zinakazwa kwa roda, upande unakotoka upepo. Chombo kikigeuka, zinalegezwa na kuhamishiwa upande wa pili ili foromali ipite. Haziwezi kufungwa moja kwa moja. Wewe ulizifunga kwa waya na skrubu, pande zote mbili, ukazikaza vizuri sana. Mashua ya Babu ikawa haiwezi kugeuka. Papa aliliona hilo papo hapo, kwa sababu alilala kwenye mbao za chombo kile akiwa mtoto. Akasema ni vizuri.

Utaniuliza kwa nini hakukukataza. Wewe ulikuwa umetoka mbali, Yaya. Ulikuwa umeleta dawa, umeleta viatu vya Mama, umelipa deni la jirani. Mzazi wa mtaa wetu wa Kadutu hamkatazi mtoto aliyefika na mikono yote miwili imejaa. Ulipaswa kuuliza. Neno moja tu: "Papa, niziondoe?"

Sasa nikueleze nilichofanya, maana umeniita mwizi.

Kwanza niliipeleka majini na vitu vyako juu yake, ili nisije nikakuonea. Ilikuwa asubuhi, kule Nguba, Ziwa Kivu limetulia, wavuvi wa sambaza wamesharudi. Nilitia farumi, uzito wa kuituliza, ya vijiwe chini kama Papa alivyokuwa akifanya. Upepo kidogo tu, ikalala ubavu. Nikaongeza vijiwe, ikazama hadi karibu na ukingo, na bado ikalala. Papa alikuwa akisema upepo huwezi kuupunguza kwa kipimo. Urefu ukigawanywa kwa 15, eneo la tanga linagawanywa kwa 225, lakini uzito unaoizuia mashua isipinduke unagawanywa kwa 3,375. Ndiyo maana mashua ndogo ni dhaifu kuliko ile kubwa hata ukiifananisha nayo kwa kila kitu, na ndiyo maana kila gramu iliyo juu mlingotini ni adui. Roda ya mkahawa karibu haina uzito. Zako ni shaba tupu, na ulizifunga juu kabisa.

Nikazitoa. Nilizitoa kwa mkono, nikifungua fundo moja moja, bila pensi. Zile za Papa zilizokuwa kwenye kifuniko nilizirudisha. Zilizokosekana nimeanza kuzitengeneza, kwa kipande kilichobaki cha lile shina la mkahawa. Henza nimeisokota upya. Tanga ni lile lile la merikani alilolipaka maji ya chai, sikuligusa.

Kama hamu yako ni kuwa na mashua ya Papa mbele ya macho, unda yako. Nakuambia kwa upendo. Tafuta mti wowote uliokauka vizuri wenye nyuzi zilizobanana. Anza na mkuku, uti wa mgongo wa mashua, uunyooshe kwa uzi, usiamini macho. Mataruma, zile mbavu zake, uyakate kwa karatasi ya kuchora, kulia na kushoto yafanane. Mbao zako ziwe za milimita 2, ukizipinda zipitishe kwanza kwenye mvuke wa birika, uzishike mkononi hadi zipoe. Usikimbilie roda na ndoano, lakini pia usizinunue. Utaona mkono wako unakataa, roda ya kwanza itapasuka, ya pili itakuwa na tundu la kupinda. Ukifika hapo utajua Papa alikaa miaka gani juu ya ile meza, baada ya kazi ya mchana, kwa mwanga wa sola. Na utajua nani alikaa naye. Mimi sikuenda Kampala na wenzangu kufanya biashara. Mimi sikuhamia Goma nilipopata nafasi. Nilikuwa natikisa kopo. Nilipomaliza kutikisa kopo nikawa nampeleka hospitali, na nilipomaliza hospitali nikawa namgeuza kitandani. Mtoto wa kwanza ni wewe, sikatai. Lakini mashua aliniachia mimi, kwa mdomo wake, mchana, Mama akisikia. Muulize.

Wanaosoma hapa watasema mambo ya ndani yasitoke nje. Nimejaribu ndani, Mama anajua, na Baba Mdogo anajua alichonijibu.

Unakumbuka ulivyokuwa unanibeba mgongoni kwenye zile ngazi za Kadutu mvua ikinyesha, tope hadi magotini, nikiwa nimeshika masikio yako? Ni wewe yule. Sijakuondoa. Nakasirika kwa sababu ni wewe. Angekuwa mgeni ningempa chai, nikamsindikiza, nikasahau.

Basi mtu wako akija atanikuta nyumbani. Atakula, atalala ikibidi. Atapewa ule mfuko wa nailoni na vitu vyako vyote ndani, nimevihesabu na kuvisafisha, hakuna kilichopotea. Ni vitu vizuri kwa boti la namna yake, na huko utampata mwenye boti hilo.

Na yeye aniletee tupa. Ile ndogo ya mviringo, yenye mpini wa mpera, uliyoibeba mara ya mwisho ukasema ni ukumbusho. Ukumbusho unao mwingine, una saa yake. Mimi nina roda ambazo matundu yake bado yana manyoya, na kamba mpya inakwaruzika ikipita ndani. Nimejaribu msasa uliokunjwa, hauingii. Tupa ile ndiyo inayoingia. Ifunge kwenye kitambaa kikavu chenye mafuta kidogo isipate kutu njiani, na umwambie asiitie kwenye begi la mkononi, wataichukua uwanja wa ndege.